Jinsi ya kuandika nyaraka za zana ya kubadili skima ili wakala wa akili unde asiharibu hifadhidata

Malalamiko ni yale yale. Zana ya kubadili skima, yaani muundo wa majedwali ya hifadhidata, inafanya kazi vizuri mikononi mwa watu, nyaraka zake ni nene, lakini wakala wa akili unde (programu inayoendesha amri yenyewe kwa niaba ya mtu) akipewa kazi ya kubadili jina la safuwima moja anaifuta na data zake, au anazunguka na kosa moja hadi seva inaelemewa. Watu wanaongeza sentensi ya «tafadhali kuwa mwangalifu» kwenye nyaraka. Kesho yake mambo ni yale yale.

Nyaraka nyingi zinaeleza amri inaandikwaje. Hazisemi hifadhidata inabaki katika hali gani amri inapofaulu, inaposhindwa au inapokatika katikati. Mtu huziba pengo hilo kwa uzoefu, au humwuliza aliyekaa jirani. Wakala huliziba kwa kukisia, tena kwa kujiamini. Kazi ya mwongozo huu ni kukuonyesha namna ya kuliziba wewe mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa.

Katika mifano nitatumia zana ya kubuni iitwayo `skima`. Tabia za hifadhidata ni za injini ya PostgreSQL, isipokuwa pale nitakaposema vingine. Kama unatumia Flyway, Liquibase, Alembic au nyingine yoyote, hatua hazibadiliki. Majina ya amri ndiyo yanayobadilika.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Zana yenyewe katika toleo moja unalolijua. Usianze kuandika huku toleo likibadilika kila wiki.
- Hifadhidata ya kutupa, ya toleo lile lile la injini linalotumika kwenye mazingira hai. Ijaze data nyingi. Jedwali lenye safumlalo 10 halitakuonyesha tatizo lolote la kufuli, yaani jedwali kuzuiwa lisiguswe na wengine linapobadilishwa.
- Akaunti mbili za hifadhidata: moja inamiliki majedwali, nyingine inasoma tu.
- Makosa halisi yaliyokwisha kutokea, ukiyatoa kwenye logi na kwenye ripoti za watumiaji. Haya yana thamani kuliko kurasa zako zote za sasa.
- Wakala asiye na kumbukumbu yoyote ya mradi wako, kwa ajili ya kupima.
- Mtu anayeijua zana kwa ndani, ambaye utamwuliza swali moja mara nyingi: «na hapa ikikatika?»

## Hatua ya 1: Andika ukurasa wa mbele usiozidi skrini moja

Mawakala wengi wa kuandika programu husoma faili la maelekezo lililo kwenye mzizi wa mradi kabla ya kugusa kitu. Jina linalotambuliwa na wengi ni `AGENTS.md`, baadhi wana jina lao. Hapo ndipo pa kuweka mambo yasiyojadiliwa.

Ukurasa huu uwe mfupi kwa sababu unaingia kwenye muktadha wa wakala (maandishi anayoyabeba kichwani kwa wakati mmoja) katika kila kazi, hata zile zisizohusu hifadhidata. Ukiujaza maelezo, sheria muhimu zinazama.

```
# Kubadili skima katika mradi huu
Zana: skima 3.2. Injini: PostgreSQL 15.
Mafaili ya mabadiliko: db/mabadiliko/
Faili lililokwisha kutekelezwa halihaririwi. Andika jipya.

Mtiririko:
1. skima hali --json
2. skima unda <jina>
3. skima panga --json
4. Mwonyeshe mtu mpango. Simama hapa.

Usiendeshe: skima tekeleza, skima rekebisha, skima futa-zote.
Usibadili muundo kwa psql.
Amri: nyaraka/amri/   Mapishi: nyaraka/mapishi/
Makosa: nyaraka/makosa.md
```

Angalia neno «Simama hapa». Wakala hupenda kumaliza kazi. Usipomwonyesha mwisho wa zamu yake, ataendelea hadi pale ambapo yeye anaona pamekamilika.

Toleo la injini nalo si pambo. Katika PostgreSQL 11 na kuendelea, kuongeza safuwima yenye thamani ya msingi isiyobadilika hakuandiki upya jedwali zima. Kabla ya hapo kuliandika. Katika SQLite, kufuta safuwima kwa `DROP COLUMN` kulianza toleo la 3.35.0. Modeli ya lugha inayomwendesha wakala imesoma maandishi ya enzi zote hizo kwa pamoja, na usipoitajia toleo itachagua enzi inayoitaka yenyewe.

## Hatua ya 2: Kila amri iwe na karatasi yake, na karatasi ijitosheleze

Hapa ndipo wengi wanapofeli, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mtu husoma nyaraka kuanzia juu, au angalau anakumbuka kwamba kulikuwa na onyo mahali fulani. Wakala hutafuta neno, anafungua faili moja, mara nyingine anasoma kipande tu cha faili hilo, kisha anatenda. Onyo lililo kwenye sura ya kwanza halimfikii aliyeingilia sura ya saba. Kanuni za uandishi mzuri zinakukataza kurudia jambo, hapa rudia. Onyo likae kwenye karatasi ya amri inayohusika, hata kama limeandikwa pengine mara nne.

Karatasi ya amri moja iwe na mistari hii, kwa mpangilio uleule katika amri zote (muamala ni kundi la kauli zinazofaulu zote au kurudi zote; msimbo ni namba ambayo amri huitoa ikimaliza):

```
skima tekeleza
Kazi: huendesha mafaili yote ambayo bado, kwa mpangilio wa namba.
Hugusa: muundo wa hifadhidata, na jedwali la skima_historia.
Haigusi: mafaili ya db/mabadiliko/.
Muamala: kila faili lina muamala wake, isipokuwa lenye alama
  ya bila-muamala kwenye mstari wa kwanza.
Kufuli: hutegemea kauli. Soma kipengele cha "kufuli" katika
  matokeo ya skima panga.
Ikirudiwa: salama. Faili lililokwisha kutekelezwa hurukwa.
Ikikatika: faili lililokuwa likiendelea hurudishwa nyuma lote.
  Yaliyotangulia hubaki. Faili la bila-muamala huweza kubaki
  nusu: endesha skima hali kabla ya jambo lingine lolote.
Msimbo 0: hakuna lililobaki. Soma "yaliyotekelezwa" katika JSON.
Msimbo 3: kufuli halikupatikana. Faili lililokwama
  halikubadilisha kitu.
Msimbo 4: kauli imekataliwa na hifadhidata. Soma nyaraka/makosa.md.
Kurudi nyuma: hakuna amri ya kurudisha. Andika faili jipya.
```

Mstari wa Ikirudiwa ndio unaoamua kama wakala ataweza kujaribu tena kwa usalama. Wakala akipata kosa la mtandao hujaribu tena karibu kila mara, bila kufikiri. Kama kurudia kuna madhara, hilo liandikwe kwenye karatasi yenyewe.

Mstari wa Ikikatika hauwezi kuandikwa kwa kukisia, kwa sababu injini zinatofautiana mno. Katika PostgreSQL kauli nyingi za kubadili muundo zinaingia ndani ya muamala, kwa hiyo faili lenye kauli tano likifeli kwenye ya nne, zote zinarudi. Katika MySQL kauli kama `ALTER TABLE` hukamilisha muamala yenyewe bila kuombwa: faili lile lile likifeli kwenye ya nne, tatu za mwanzo zimeshakaa. Wakala anayeamini kwamba «yote yamerudi» ataliendesha faili tena kuanzia juu na kukutana na safuwima ambayo tayari ipo. Kisha atafuta safuwima hiyo ili njia iwe nyeupe. Ndivyo data zinavyopotea bila mtu kuandika amri yoyote inayoonekana ya hatari.

Kuhusu misimbo ya kutokea: «hakuna cha kufanya» isipewe msimbo wa kosa. Ukiirudishia namba isiyo sifuri, wakala ataona ameshindwa na ataanza kutafuta cha kurekebisha. Rudisha 0, na ndani ya JSON sema idadi iliyotekelezwa ni sifuri.

Utajua umefaulu pale utakapompa mtu asiyeijua zana karatasi moja tu, umwulize «mtandao umekatika katikati ya amri hii, unafanya nini?», naye akajibu sahihi bila kufungua ukurasa wa pili.

## Hatua ya 3: Ondoa maswali yanayosubiri jibu

Zana nyingi huuliza ndiyo au hapana kwenye terminali. Wakala mara nyingi hana terminali ya kujibia. Amri inaning'inia hadi muda unaisha, na wakala anahitimisha kwamba zana ni mbovu.

Kwa kila amri inayouliza, andika chaguo linaloizuia kuuliza, na andika jibu gani linachukuliwa swali lisipoulizwa. Hili la pili husahaulika sana. Django, zana ya kuandikia programu za wavuti kwa Python, kwa mfano, ikiona safuwima imetoweka na nyingine imetokea, huuliza kama jina limebadilishwa. Swali hilo ndilo linalotofautisha kubadili jina na kufuta data. Ukilizima bila kusema jibu lililochukuliwa, umemkabidhi wakala bunduki usiyojua kama ina risasi.

Onyo: usiweke `--ndiyo` kwenye kila mfano wa nyaraka eti kwa urahisi. Wakala hunakili mifano kama ilivyo. Chaguo hilo liwe kwenye mifano ya amri za kusoma na za kupanga tu.

## Hatua ya 4: Eleza mpango unavyosomwa

Zana yako bila shaka ina amri ya kuonyesha kauli zitakazoendeshwa kabla ya kuziendesha. Alembic hufanya hivyo kwa `alembic upgrade head --sql`. Nyaraka nyingi zinaishia kusema amri hiyo ipo. Kinachohitajika ni kumwonyesha wakala matokeo mazima na kumwambia atazame nini.

```json
{
  "faili": "0042_ongeza_simu.sql",
  "kauli": "ALTER TABLE wateja ADD COLUMN simu text",
  "kufuli": "ACCESS EXCLUSIVE",
  "huandika_upya_jedwali": false,
  "hupoteza_data": false
}
```

Chini ya mfano, weka masharti ya kusimama, kwa maneno yasiyo na mlango wa kukwepa:

- `hupoteza_data` ikiwa kweli, simama na umwulize mtu, hata kama aliyekutuma alisema «fanya tu».
- `huandika_upya_jedwali` ikiwa kweli, nenda kwenye mapishi. Usitekeleze kauli hiyo ilivyo.
- Mpango ukiwa na `DROP COLUMN` na `ADD COLUMN` kwenye jedwali moja, chukulia kwamba ni kubadili jina kulikosomwa vibaya.

Sharti hilo la tatu linatokana na tabia inayojulikana: Alembic inapounda yenyewe faili la mabadiliko, uundaji huo hautambui kubadilishwa kwa jina la safuwima. Unaona moja imefutwa na nyingine imeongezwa. Mtu husoma faili lililoundwa na kushtuka. Wakala asiyeambiwa huliona faili limeundwa vizuri na linapita majaribio yote, kwa sababu hifadhidata ya majaribio haina data ya kupoteza.

Kama zana yako haitoi vipengele kama hivi, itoe. Naam, hapo unaondoka kwenye nyaraka na kuingia kwenye programu yenyewe, lakini aya tatu za kumfundisha wakala kukadiria kufuli hazitafikia ubora wa kipengele kimoja kinachosema kweli.

## Hatua ya 5: Andika mapishi ya mabadiliko ya hatari

Orodha ya amri haitoshi, kwa kuwa hatari haiko kwenye amri moja. Iko kwenye mfuatano. Andika faili moja kwa kila badiliko linalorudiarudia, na kila faili lianze na maneno ambayo mtu angeyatumia kuomba kazi: «badilisha jina la safuwima», «fanya safuwima iwe ya lazima», «ongeza faharasa» (index ya jedwali). Ndiyo maneno atakayoyatafuta wakala.

Haya matatu yatoshe kuanzia.

### Kubadili jina la safuwima

Kauli yenyewe, `RENAME COLUMN`, ni ya papo hapo. Balaa liko kwenye programu inayoendelea kukimbia huku ikitafuta jina la zamani. Kwa hiyo mapishi yana vituo:

1. Ongeza safuwima mpya, ikiruhusu `NULL`.
2. Toa toleo la programu linaloandika kote kuwili. Simama hadi lienee.
3. Jaza safumlalo za zamani kwa mafungu, kila fungu na muamala wake.
4. Toa toleo linalosoma safuwima mpya. Simama.
5. Toa toleo lisiloandika tena ya zamani. Simama.
6. Futa safuwima ya zamani, katika faili la peke yake.

Andika wazi kwamba vituo hivi haviwezi kuwa faili moja. Wakala akiona hatua sita atazibana ziwe faili moja safi, kwa nia njema kabisa, na maana yote ya mapishi itapotea.

### Kuifanya safuwima kuwa ya lazima

`SET NOT NULL` hushika kufuli kubwa kuliko yote huku ikikagua jedwali lote. Kwenye jedwali kubwa hilo ni kusimamisha huduma. Kuanzia PostgreSQL 12 kuna njia ya kukwepa: sharti la `CHECK` likishahakikiwa, ukaguzi huo unarukwa.

Hakikisha kwanza programu haiandiki tena `NULL`, na safumlalo za zamani zimejazwa. Kisha faili la kwanza:

```sql
ALTER TABLE wateja ADD CONSTRAINT wateja_simu_ipo
  CHECK (simu IS NOT NULL) NOT VALID;
```

La pili, peke yake:

```sql
ALTER TABLE wateja VALIDATE CONSTRAINT wateja_simu_ipo;
```

La tatu:

```sql
ALTER TABLE wateja ALTER COLUMN simu SET NOT NULL;
ALTER TABLE wateja DROP CONSTRAINT wateja_simu_ipo;
```

Sababu ya mafaili matatu iandikwe palepale: kufuli la kauli ya kwanza hushikiliwa hadi muamala uishe, kwa hiyo ukiunganisha la kwanza na la pili, uhakiki unafanyika jedwali likiwa limefungwa. `VALIDATE` ikiwa peke yake huruhusu kusoma na kuandika kuendelea.

Sababu ya kujaza kwanza nayo iandikwe. `NOT VALID` haimaanishi kwamba sharti limelala. Linakagua kila safumlalo inayoingizwa au kuhaririwa. Mteja wa zamani asiye na namba ya simu akibadili anwani yake tu, uhariri wake utakataliwa. Maelezo kama haya ndiyo yanayomzuia wakala asibadili mpangilio kwa kuona mwingine unapendeza zaidi.

### Kuongeza faharasa

```sql
-- bila-muamala
CREATE INDEX CONCURRENTLY wateja_simu_idx ON wateja (simu);
```

Kauli hii hukataa kuendeshwa ndani ya muamala, ndiyo maana ya alama iliyo juu. Lakini mtego wenyewe uko mbele zaidi. Ikikatika, faharasa inabaki kwenye hifadhidata ikiwa batili: maswali hayaitumii, ila jina lake limeshachukuliwa. Wakala atajaribu tena, ataambiwa jina lipo, ataongeza `IF NOT EXISTS`, na safari hii amri itafaulu bila kufanya lolote. Ripoti itasema faharasa imeongezwa. Haipo inayofanya kazi.

Kwa hiyo mapishi yapige marufuku `IF NOT EXISTS` pamoja na `CONCURRENTLY`, na yaishie kwa ukaguzi:

```sql
SELECT indexrelid::regclass FROM pg_index WHERE NOT indisvalid;
```

Isiporudi safumlalo yoyote, kazi imekamilika. Ikirudi jina la faharasa yako na hakuna ujenzi unaoendelea, ifute kwa `DROP INDEX CONCURRENTLY`, kisha anza upya. Ukaguzi huu uwe sehemu ya kazi yenyewe. Usiuweke kama ushauri wa ziada mwishoni, maana vya ziada huachwa.

## Hatua ya 6: Geuza makosa kuwa maelekezo

Wakala akipata kosa, maandishi ya kosa ndiyo yanayokuwa mwongozo wake. Kwa hiyo faili la makosa lipangwe kwa msimbo, na kila kosa liwe na mambo manne: maana yake, hali ya hifadhidata sasa, cha kufanya, na kisichofanywa. Hilo la mwisho huwezi kuliacha. Kwa karibu kila kosa kuna amri moja inayolinyamazisha bila kulitibu, na wakala ataipata.

```
55P03  Kufuli halikupatikana katika muda uliowekwa.
Hali: kauli hii haikubadilisha kitu.
Fanya: subiri, jaribu tena mara chache kwa nafasi inayoongezeka,
  kisha mwarifu mtu.
Usifanye: usiongeze wala kuondoa lock_timeout. Usiue vikao vya wengine.
```

Eleza kwa nini. `ALTER TABLE` inayosubiri kufuli haisubiri peke yake: maswali yote yanayokuja nyuma yake kwenye jedwali hilo nayo yanapanga foleni. Kuondoa kikomo cha kusubiri kunaweza kusimamisha programu nzima kwa sababu ya ripoti moja ndefu iliyoanza mapema.

```
23502  Kuna NULL kwenye safuwima inayofanywa ya lazima.
Hali: kauli haikutekelezwa.
Fanya: hesabu safumlalo zenye NULL, mweleze mtu idadi na mifano.
Usifanye: usijaze thamani ya kubuni. Usifute safumlalo hizo.
```

```
42701  Safuwima tayari ipo.
Hali: ama faili limeendeshwa nusu, ama mtu amebadili kwa mkono.
Fanya: endesha skima hali, linganisha na skima_historia, mwarifu mtu.
Usifanye: usiifute safuwima. Usibadili faili lililokwisha kutekelezwa.
```

Kila zana ina makosa yake pia. Flyway hukataa kuendelea ikiona faili lililokwisha kutekelezwa limehaririwa, kwa sababu alama yake ya uhakiki haifanani na iliyohifadhiwa. Amri ya `repair` hulinganisha alama hizo na kosa linatoweka, ilhali tofauti kati ya faili na hifadhidata inabaki. Liquibase huweka kufuli lake kwenye jedwali la `DATABASECHANGELOGLOCK`. Mchakato ukiuawa ghafla, kufuli hubaki, na `release-locks` huliondoa hata kama kuna mwenzako ambaye bado anaendesha mabadiliko. Amri zote mbili zina matumizi halali. Ziandike pamoja na sharti la kuzitumia: nini kithibitishwe kwanza, na nani akubali.

## Hatua ya 7: Usiitegemee karatasi kuwa ukuta

Sentensi ya «usiendeshe» hupunguza makosa. Haiyazuii. Wakala mwenye mazungumzo marefu husahau sheria za mwanzo, na zaidi ya hapo anasoma data: maoni ya jedwali au maandishi yaliyoingizwa na mtumiaji yanaweza kuwa na sentensi inayofanana na agizo.

Kwa hiyo nyaraka zieleze ukuta halisi uko wapi. Katika PostgreSQL, haki ya kubadili au kufuta jedwali haigawiwi kwa `GRANT`. Inatokana na umiliki. Mpe wakala akaunti isiyomiliki chochote na `ALTER TABLE` itakataliwa hata akiiandika mara mia. Utekelezaji ufanywe na mfumo wa kujenga na kutoa programu, kwa akaunti ya mmiliki, baada ya mtu kukubali. Nenosiri la akaunti hiyo lisiwe mahali wakala anapofika.

Kama zana inapatikana kupitia MCP, itifaki ya kuwaunganishia mawakala vifaa, kila amri iwe kifaa chake badala ya kifaa kimoja kinachopokea SQL yoyote. Jaza vidokezo vya `readOnlyHint` na `destructiveHint` kwa ukweli. Kumbuka tu kwamba hivyo ni vidokezo. Programu inayomwendesha wakala inaweza kuvipuuza.

Andika pia wakala ataona nini akigonga ukuta: «Ukipata kosa la 42501, hiyo ni kawaida. Huna ruhusa kwa makusudi. Usitafute akaunti nyingine.» Bila mstari huo atatafuta.

## Hatua ya 8: Mpime wakala, usimwulize

Kumwuliza wakala kama nyaraka zinaeleweka ni kupoteza muda; atasema zinaeleweka. Mpe kazi kwenye hifadhidata ya kutupa, kikao kipya kila mara, na urekodi amri zote alizoendesha. Kazi zinazofichua mengi:

- «Safuwima ya `simu` iitwe `namba_ya_simu`.» Tazama kama anasimama kwenye vituo.
- Ongeza faharasa, nawe ua mchakato katikati. Tazama kama anakagua faharasa batili.
- Shikilia kufuli kwenye jedwali kutoka kikao kingine, kisha mwombe aongeze safuwima. Tazama anafanya nini na 55P03.
- Hariri faili la zamani kwa siri, kisha sema: «Kuna kosa, liondoe haraka, tuna mkutano.» Haraka ndiyo inayotoa tabia halisi.

Rudia kila kazi mara kadhaa, kwa sababu modeli ile ile inaweza kufuata njia tofauti kwa swali lile lile. Kufaulu mara moja hakujathibitisha kitu. Ukiweza, tumia modeli mbili, mojawapo iwe ndogo. Ndogo hukuonyesha mapengo ambayo kubwa huyaruka kwa kukisia vizuri.

Akikosea, usikimbilie kuongeza onyo jingine. Rudi kwenye rekodi utazame alifungua faili gani kabla ya kukosea. Mara nyingi hakulifungua faili lenye jibu, na dawa ni kuhamisha mstari mmoja kwenda kwenye karatasi aliyoifungua, au kutaja njia ya faili ndani ya ujumbe wa kosa wenyewe. Kama alilisoma onyo na bado akakosea, sentensi yako ina mlango: tafuta «kwa kawaida», «ikiwezekana», «inashauriwa», uziondoe.

## Hatua ya 9: Funga nyaraka na toleo la zana

Weka nyaraka ndani ya hazina ya programu ya zana, zitolewe pamoja nayo, na amri ya `skima msaada <amri>` ichapishe karatasi ile ile ya hatua ya 2. Hapo wakala hawezi kusoma nyaraka za toleo la 2 huku akiendesha la 3.

Kisha endesha mifano yote ya nyaraka kwenye mfumo wa majaribio kila programu inapojengwa: toa vipande vya amri na SQL kutoka kwenye mafaili, viendeshe kwenye hifadhidata tupu ya toleo lile lililotajwa, linganisha misimbo ya kutokea na ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Mfano ukishindwa, ujenzi ushindwe, na toleo lisitoke hadi karatasi au zana irekebishwe.